Maji Yaenda Chini, Chupa Yaenda Juu

Msomaji mpenzi, kabla hujaitupa chupa ile ya soda iliyolala nyuma ya nyumba yako, ningoje kidogo. Nina habari yake. Ni habari ya mchezo wa watoto, lakini ndani yake mna elimu, tena mna makosa yangu mawili. Kosa la kwanza lilikuwa la akili, la pili lilikuwa la uzembe. Yote mawili nitakueleza bila kuficha, maana lile la pili lilikaribia kumpofusha mtoto wa jirani yangu.

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa, barua, na hesabu za zaka. Lakini zamani kidogo nilisoma chuo cha ualimu, na masomo yangu yalikuwa hesabu na fizikia. Nafasi ya kufundisha sijaipata mpaka leo. Hata hivyo, mtu aliyesomea ualimu hawezi kumsikia mtoto akiuliza jambo, naye akapita kimya. Ndivyo nilivyo, na ndivyo mambo yalivyoanza.

Likizo moja ya Desemba, baada ya harusi kubwa hapa kijijini, chupa tupu za soda zilizagaa uwanjani. Watoto wakaziokota. Wengine walizifanya magari, wengine walizipiga mateke tu. Nikawaita, nikawauliza, "Je, mwataka kuona chupa ikiruka juu kuliko paa la kanisa?" Wakacheka. Mmoja akasema, "Karani, chupa haina mabawa." Nikamjibu, "Wala roketi haina." Basi wakanizunguka, na kazi ikaanza.

Vyombo vyetu vilikuwa vya kimaskini. Tulikuwa na chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, pampu ya baiskeli, na sindano ile ya kujazia mpira wa miguu. Kizibo nilikichonga katika soli ya ndala kuukuu. Nilikata vipande viwili vya mviringo, nikavigandisha kwa gundi ya fundi viatu, kisha nikapitisha sindano katikati. Chupa inapinduliwa, mdomo chini, kizibo kikiwa kimeibana shingo. Unapiga pampu, hewa inaingia kwa sindano na kupanda juu ya maji, mpaka kizibo kinashindwa kuvumilia. Hapo chupa inafyatuka na kukiacha kizibo chini.

Siku ya kwanza tulijaribu bila maji, hewa tupu. Chupa ikalia "pwa!" ikaruka kidogo na kuanguka karibu. Watoto wakanitazama kwa huruma. Nikasema, haya, tuijaze maji. Tukaijaza karibu mpaka juu. Mara hii ilinyanyuka kivivu, ikatumwagia maji yote, ikalala. Huruma ikageuka kuwa kicheko. Mara ya tatu nikatia maji nusu lita tu, yaani theluthi ya chupa. Nikapiga pampu, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na nane. Loo! Sikuiona ikiondoka. Nilisikia kishindo, nikaona fumo la maji, na nilipoinua macho chupa ilikuwa juu kuliko mwembe wa mbele ya ofisi. Watoto walipiga kelele hata mpishi wa mapadre akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Sasa, msomaji, labda wewe pia wauliza kama walivyouliza wao: kwa nini hewa peke yake haitoshi, na kwa nini maji mengi nayo hayafai? Nisikilize polepole, maana hapa ndipo utamu wa jambo hili ulipo.

Hewa inaweza kushindiliwa, maji hayakubali kushindiliwa. Unapopiga pampu, unaisonga hewa mahali padogo, kama mbuzi waliojazana katika zizi dogo, na yenyewe inatafuta mlango. Nguvu ile ni ya mkono wako mwenyewe. Pampu imeiweka akiba ndani ya hewa. Basi hewa ndiyo yenye nguvu. Lakini hewa ni nyepesi mno. Lita moja ya hewa ya kawaida ina uzito wa gramu 1 na kidogo tu. Hata ukiishindilia hewa mara nne katika chupa nzima ya lita moja na nusu, haizidi gramu 7 au 8. Kinyume chake, nusu lita ya maji ina gramu 500. Basi maji ndiyo yenye uzito. Hewa yasukuma, maji yasukumwa, na chupa yafaidika.

Umepata kupanda mtumbwi? Ukisimama ndani ya mtumbwi na kuruka kwenda ufukoni, mtumbwi unarudi nyuma. Akiruka mtoto mdogo, unarudi kidogo. Akiruka mtu mnene, unarudi sana. Isaac Newton, Mwingereza, aliliandika jambo hili katika kitabu chake mwaka 1687: kitu kikikisukuma kingine, hicho kingine nacho hukisukuma cha kwanza kwa nguvu iliyo sawa, ila kwa kuelekea upande wa pili. Chupa yatupa maji chini, nayo maji yaitupa chupa juu. Kutupa hewa tupu ni kama mtoto mdogo kuruka toka mtumbwini. Kutupa maji ni kama mtu mnene kuruka.

Lakini ukijaza maji mno, nafasi ya hewa inakuwa ndogo, na akiba ya nguvu inakuwa ndogo vilevile. Tena chupa inakuwa nzito kuinuka. Ndiyo sababu kipimo chema ni theluthi au karibu na hapo. Ni kama chumvi katika mboga: ikipungua ni taabu, ikizidi ni taabu.

Nikupe hesabu kidogo, usiogope. Tuseme umejaza hewa kadiri ya gurudumu la baiskeli lililojaa vizuri, hata msukumo wa ndani umeupita wa nje kwa kiasi kama mara tatu ya huo wa nje. Hapo maji hutoka shingoni kwa mwendo wa mita zipatazo 24 kila sekunde, mwendo wa gari linalokimbia zaidi ya kilometa 80 kwa saa. Mdomo wa chupa una upana wa sentimita 2 na kidogo tu, lakini msukumo wa mwanzo unaoinua chupa wapata uzito wa kilo 20. Nayo chupa pamoja na maji yake haifiki hata kilo moja! Maji yote yamekwisha kutoka kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ndiyo maana jicho haliwahi kuiona ikiondoka. Likumbuke sana neno hili, maana nitalirudia kwa majonzi.

Chupa yetu ilikuwa na ila moja: ilipofika juu ilipinduka na kuyumba kama mlevi. Mzee mmoja aliyekuwa akitutazama kutoka kivulini akasema, "Ninyi wasomi, hamjaona mshale?" Kweli. Mshale una uzito mbele na manyoya nyuma. Uzito wa mbele huongoza, na upepo hukamata manyoya na kuyaweka nyuma yanapostahili. Tukakata mapezi matatu katika dumu kuukuu la mafuta, tukayafunga karibu na mdomo wa chupa. Kwenye kitako cha chupa, ambacho ndicho kinachotangulia kwenda juu, tukafunga tonge dogo la udongo mbichi ndani ya kitambaa. Tangu siku hiyo ikawa inapanda imenyooka. Mzee yule akasema alijua tangu mwanzo, ila alikuwa akingoja kuulizwa.

Hapo ndipo lilipokuja kosa langu la kwanza. Nilipokuwa nikiwaeleza watoto, niliongeza neno la kunogesha. Nikasema, "Mwaona? Maji yanapiga ardhi kwa nguvu, na ardhi inaisukuma chupa juu, kama wewe unavyopiga mguu chini ili kuruka." Wote wakaitikia. Lakini binti mmoja wa darasa la sita, mkimya, akainua mkono. Akasema, "Karani, kama yasukuma ardhi, mbona chupa inaendelea kuongeza mbio ikiwa imekwisha kuiacha ardhi? Na zile roketi zinazokwenda mwezini, kule juu zinasukuma ardhi gani?"

Msomaji mpenzi, nilinyamaza. Nilitaka kusema, "Utajua ukikua," kama wasemavyo wakubwa wengi wanaposhindwa. Neno lilifika ulimini. Lakini nikakumbuka ya kwamba nilikuwa nimewaeleza habari ya mtumbwi dakika chache tu nyuma, nami mwenyewe nimeisahau. Nikasema, "Sina hakika. Tujaribu."

Binti mwenyewe akatoa shauri. Kama roketi hupaa kwa kusukuma ardhi, alisema, basi ikianzia mahali pa juu, maji yakaanguka hewani bila kizuizi, itakuwa dhaifu. Kesho yake tukasimika miti miwili iliyozidi kimo cha mtu, tukafunga fito juu yake, na kizibo tukakikaza kwenye fito. Theluthi ya maji, pampu zilezile. Chupa ikapaa vilevile kama jana, haikupungua neno. Nikasimama mbele ya watoto wote nikasema, "Jana niliwafundisha uongo. Si ardhi inayoisukuma. Ni maji yenyewe, pale pale yanapoiaga chupa. Aliyenisahihisha ni huyu." Nilidhani watanidharau. Badala yake, tangu siku hiyo maswali yaliongezeka hata nikakosa nafasi ya kuandika barua za Paroko.

Nilipata faraja baadaye nilipokumbuka ya kwamba wakubwa kuliko mimi wamejikwaa palepale. Mwaka 1920 gazeti kubwa la Marekani, The New York Times, lilimcheka mtaalamu mmoja, Robert Goddard, aliyesema roketi yaweza kufika mwezini. Gazeti likaona hajui hata mambo ya darasani, kwa sababu huko juu hakuna hewa ya kusukumia. Lakini Goddard alikuwa amekwisha kujaribu roketi ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, akaona zinasukuma vema. Hakuacha kazi. Tarehe 16 Machi 1926, katika shamba la shangazi yake huko Auburn, Massachusetts, alirusha roketi ya kwanza duniani iliyotumia mafuta ya maji, petroli na oksijeni iliyogeuzwa kuwa maji kwa baridi kali. Ilikaa hewani sekunde 2 na nusu, ikapanda mita 12 hivi, ikaanguka katika kabichi. Kabichi, msomaji! Chupa ya watoto wetu ilipanda juu kuliko hiyo. Goddard alifariki mwaka 1945. Gazeti lile lilikiri kosa lake Julai 1969, wakati watu watatu walikuwa tayari njiani kuelekea mwezini. Miaka 49 ilipita kabla ya kusema, "Tulikosea." Namshukuru binti yule kwamba mimi nilisema kesho yake.

Wala usidhani roketi ni habari ya ng'ambo tu. Pwani ya Kenya, karibu na Malindi, Waitalia walijenga jukwaa baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya ukumbusho wa uhuru wa Kenya, roketi ilirushwa pale ikabeba chombo cha kuchunguza nyota, nacho kikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili likazunguka dunia. Nayo ilipanda kwa sheria ileile ya mtumbwi na ya chupa yetu: hutupa kitu nyuma, yenyewe ikaenda mbele.

Sasa nifike kwenye kosa la pili, lile zito.

Jumamosi moja kizibo cha zamani kilikuwa kimechakaa. Nikachonga kingine upesi upesi, maana watoto walikuwa wakingoja, na nilikuwa na kiburi kidogo kwa kuwa sifa zetu zimeenea. Kizibo kile kilikuwa kinene kupita kiasi. Nikakigongomea ndani. Kwa kawaida chupa ilifyatuka kabla ya pampu ya ishirini. Siku ile nilifika ishirini, nikafika thelathini, chupa imetulia tu. Nikaona labda hewa inavuja. Nikamwambia kijana mmoja wa miaka kumi, mtoto wa jirani, "Hebu kaitikise kidogo."

Akaenda kwa utii. Akainama. Akaigusa.

Nimekwisha kukuambia ya kwamba jicho haliwahi. Basi kama jicho haliwahi kuona, shingo itawahi wapi kukwepa? Ukingo wa pezi ulimpiga juu ya nyusi. Damu ilimfunika uso, na kwa muda ule, ambao kwangu ulikuwa mrefu kama kesha, sikujua kama jicho lipo au halipo. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati. Mganga akamsafisha, akamshona nyuzi tatu, akanigeukia akasema, "Upana wa kidole kimoja tu, bwana."

Kwenda kwa mama yake ilikuwa safari ndefu kuliko ile ya zahanati. Nilikuwa nimejiandalia maneno: kwamba ni ajali, kwamba watoto hawasikii, kwamba kizibo kiliharibika. Nilipofika mlangoni yote yakanitoka. Nikasema, "Mama, mtoto ameumia. Mimi ndiye niliyemtuma. Chupa ilikuwa imejaa hewa nami nilijua, au nilipaswa kujua." Alimtazama mtoto, akamgusa bandeji, akamwingiza ndani. Hakunijibu. Siku nne alinipita njiani bila salamu, na sikuwa na neno la kumlaumu.

Siku ya tano alikuja ofisini, akabaki amesimama. Akasema, "Kaka karani, mwanangu anauliza kwa nini sufuria ya maji hutoa moshi na kwa nini kifuniko hurukaruka. Mimi sijui. Zamani hakuuliza kitu. Basi mfundishe. Ila mtoto wangu asisimame tena juu ya chupa, unasikia?" Nikasema, "Nimesikia, dada." Akaondoka. Nilifunga kitabu cha zaka nikakaa kimya kitambo kirefu.

Msomaji, tangu siku hiyo tuna sheria, nami nakupa wewe pia, mzazi mwenye watoto wa kuuliza. Kwanza, tumia chupa ya plastiki iliyokuwa na soda, maana imetengenezwa kushika gesi. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba, na chupa ya kioo isiguswe kabisa. Chupa yenye mkwaruzo au iliyopigwa na jua siku nyingi, itupe. Pili, usijaze hewa kupita kadiri ya gurudumu la baiskeli. Tatu, kizibo kiingie kwa kusukumwa na kidole gumba, kisigongomewe. Nne, mpira wa pampu uwe mrefu, na watoto wote wakae nyuma ya kamba, hatua kumi na tano. Mpigaji pampu awe mtu mzima, asiiname juu ya chupa. Mapezi yawe na ncha za mviringo, na mbele pasiwe na kitu kigumu. Tano, na hii ndiyo kubwa: chupa ikikataa kuruka, asiende mtu. Sisi sasa tunafunga uzi mrefu kwenye shingo ya chupa kabla ya kuanza. Ikikataa, tunaacha pampu, tunarudi nyuma ya kamba, na kuivuta iangukie mbali nasi.

Kijana yule bado ana alama nyembamba juu ya nyusi. Ndiye msimamizi wa kamba. Ukisogea hatua moja mbele yake, hata kama wewe ni mwenyekiti wa kijiji, atakurudisha. Binti wa darasa la sita ndiye mwenye daftari: huandika kiasi cha maji, hesabu ya pampu, na sekunde ambazo chupa imekaa hewani. Daftari limekwisha kurasa, nami nimemnunulia lingine.

Sina darasa, sina ubao, wala chaki siuziwi na mtu. Nina uwanja, chupa, na Jumapili alasiri baada ya chakula. Nawe, msomaji, hapana shaka unazo hizo. Chukua chupa, tia theluthi ya maji, kaa mbali, na mtoto akikuuliza jambo usilolijua, mwambie wazi kwamba hujui. Kisha jaribuni pamoja.